Kamera Imevaa Leso

Mwanarusi: Haloo? Ni nani?

Luqman: Ni mimi, bibi. Mjukuu wako Luqman. Shikamoo.

Mwanarusi: Marahaba, mume wangu. Saa hizi si uko kazini huko Diani?

Luqman: Niko kazini. Bibi, uko salama? Hujaanguka?

Mwanarusi: Nimekaa mkekani nachambua mchicha. Aliyekaa chini ataangukia wapi?

Luqman: Alhamdulillahi. Maana kamera niliyokuwekea sebuleni haionyeshi kitu. Naona kitambaa chekundu, kina—

Mwanarusi: Kina michoro ya korosho.

Luqman: Ni leso?

Mwanarusi: Leso yangu ya kujifunga. Nimeivisha.

Luqman: Umeivisha kamera.

Mwanarusi: Kitu kisichofumba macho nyumbani mwa mwanamke, utakifanyaje?

Luqman: Bibi, Ramadhani iliyopita ulianguka, ukalala sakafuni tangu adhuhuri mpaka—

Mwanarusi: Mpaka jirani yangu Twaiba alipokuja. Yeye ndiye aliyeniinua.

Luqman: Kamera haikuwapo bado.

Mwanarusi: Hata ingekuwapo. Ina mikono?

[Simu inakwaruza.]

Luqman: Haloo? Bibi, iondoe hiyo leso. Ama nije nikuchukue ukae kwangu Ukunda.

Mwanarusi: Sitoki Msambweni. Na leso haitoki. Nikuulize. Jana natoka kisimani, kijana mmoja mrefu wa bara akanipokea ndoo. Mpole, akanifikishia mlangoni, hata tone halikumwagika. Akasema, "Nyanya, ile ya chifu ilitumaliza kwa kicheko." Ya chifu ipi, Luqman?

Luqman: Chifu gani, bibi?

Mwanarusi: Mimi na Twaiba tukishaswali alasiri tunafunga mlango. Najifunga kikoi cha marehemu babu yako, namwigiza chifu anavyotembea na tumbo lake. Tuko wawili tu. Huyo wa bara alikaa wapi?

Luqman: Ni Cornelius. Nafanya naye kazi. Bibi, niliwaonyesha mara moja tu—

Mwanarusi: Mara moja?

Luqman: Kila alasiri. Wanakupenda, bibi. Wanaacha hata chai.

Mwanarusi: Uliniambia kile kidude kitalia nikianguka. Hukuniambia kinatazama. Na shimizi yangu, nayo wanaipenda?

Luqman: Hapo nilikuwa nazima. Wallahi.

Mwanarusi: Kwa hiyo uliona, ndipo ukazima.

Luqman: Lakini hata wewe, bibi. Kutwa uko barazani unatazama watu. Hapiti mtu usimjue mwendo wake.

Mwanarusi: Tena napenda. Sikatai, na sitaacha. Lakini nikimtazama mtu, naye ananiona. Namsalimu. Huyo chifu nilimwigiza mbele yake harusini, akacheka, akaninunulia soda. Wewe ulijificha ndani ya ukuta wangu.

Luqman: Nisamehe, bibi. Lakini kule ni juu. Ulipanda nini?

Mwanarusi: Alipanda Cornelius.

Luqman: Cornelius?

Mwanarusi: Nilipomuuliza amejuaje, aliinama. Alidhani mimi najua mnanitazama. Mwenyewe ndiye aliyeomba kigoda.

Luqman: Asubuhi nimekunywa naye chai, hakusema neno.

Mwanarusi: Ana adabu. Kuna waliolelewa.

Luqman: Na ukianguka tena?

Mwanarusi: Twaiba ana ufunguo. Ikifika saa mbili asubuhi dirisha langu halijafunguliwa, anaingia. Na wewe una miguu.

Luqman: Bibi, salio linaisha—

Mwanarusi: Ngoja. Nauvuta upindo wa leso, ushuke. Unaona maandishi?

Luqman: Nayaona.

Mwanarusi: Yasome.

Luqman: Wenzangu wako hapa, bibi.

Mwanarusi: Ndiyo maana nakwambia soma. Kwa sauti.

Luqman: "Asobisha hodi si mgeni wangu."

[Watu wanacheka upande wa Luqman.]

Mwanarusi: Waambie wasimalize kicheko. Ijumaa baada ya swala waje wote, na Cornelius akae mbele. Mkeka upo, na mihogo ya nazi. Nitamwigiza mtu mpya.

Luqman: Nani?

Mwanarusi: Mjukuu mmoja, amekaa kitini, anamchungulia bibi yake.

Luqman: Hodi, bibi.

Mwanarusi: Hodi ya simu siitikii. Njoo ubishe mlango—

[Simu inakatika.]