Mama Drateru Anaiacha Koboko Wazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata na kushona mapazia, Mama Patricia Drateru anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianza Arua mwaka 1994 na cherehani moja ya kukanyaga. Miaka sita iliyopita alifungua tawi letu la Koboko, na tawi hilo ndilo lililotunyima raha mwaka huu.

Mwezi wa Januari Mzee Nestor, mwenye karakana, alitangaza kwamba Mama akiondoka, Koboko itafungwa, kwa kuwa hakuna mwingine kule anayejua kukata vichwa vya mapazia, yaani sehemu ya juu inayotundikwa. Wenzetu wanne wangekosa kazi. Mama Drateru hakubishana sana. Alisema tu, "Mzee, nipe mpaka mwezi ya sita. Mimi nakwenda, lakini kazi iko." Kuanzia wiki ile alikuwa Koboko kila Jumatatu hadi Ijumaa.

Aliyemchagua kumrithi ni Linda Yangi, mama aliyetoka Yei na mkono wake mwepesi. Alimfundisha kwa ukali tunaoujua sote. Kabla ya kitambaa, tazama kitakachobeba pazia. Dirisha la jikoni linataka upindo wa kupitisha waya, basi. Chumba cha kulala, pete kwenye bomba, na pete ziwe kumi au kumi na mbili, kamwe si kumi na moja, la sivyo ukingo mmoja utageukia ukutani na mwingine utakuchungulia kitandani. Sebule ya heshima, marinda, yaani mikunjo iliyoshonwa kichwani mwa pazia, na reli ya kutelezesha kulabu.

Neno marinda lina historia hapa. Zamani Mama aliandika oda ya mteja wetu Sidonie wa Aru, Kongo: "Marinda manne, kitambaa cha maua, haraka." Mwenzetu Santo, aliyejifunza ushonaji Kisumu, ambako rinda ni gauni, akashona magauni manne, mazuri kweli! Mama aliyafumua mwenyewe, akayashona upya kuwa mapazia, akayavusha mpaka wa Vurra kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hatupokei oda isiyo na mchoro wa dirisha. Santo bado anadai magauni yalikuwa bora kuliko mapazia.

Mtihani ulikuja mwezi wa Mei, Midia, kwenye nyumba mpya ya Mwalimu Andrew Lukudu. Mzee Nestor alikuja kujionea. Mwalimu alitaka sebuleni pazia moja la pete, livutwe kutoka ukuta hadi ukuta, na bomba lilikuwa limeshafungwa. Mama Drateru aliliona kosa papo hapo, nasi tulimwona amekishika kiti kwa mikono miwili asiseme. Kwake yeye kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kushona.

Linda alisema, "Mwalimu, hapa katikati iko chuma inashika bomba. Pete haiwezi pita. Tuweke reli na marinda." Mwalimu alikataa, pete alikuwa ameziona Kampala. Linda hakurudi nyuma. Alitundika kipande cha majaribio chenye pete, akamwomba Mwalimu avute mwenyewe. Kikakwama katikati. Mwalimu akacheka, akakubali.

Siku nne baadaye Mzee Nestor alilivuta pazia la marinda kutoka mwanzo hadi mwisho, akalirudisha, akalivuta tena. Kisha akamuuliza Linda atahitaji kitambaa kiasi gani kwa mwezi wa Julai. Mama Drateru alitoka nje. Alituambia baadaye kwamba ni vumbi la barabara ya Midia lililomwingia machoni. Sawa, Mama.

Asante kwa ukali wako, unaotulisha wengi wetu mpaka leo. Tunakutakia afya na mapumziko marefu nyumbani Aroi, pamoja na wajukuu. Tawi la Koboko litafunguliwa Jumanne, tarehe 1 Julai, saa mbili asubuhi, na wewe, Mama, tafadhali usije.