Sababu za Mwalimu Ardis Kubaki Lone Coulee

Ardis Marie Haugen alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 kwenye shamba la ngano nje ya mji wa Havre, Montana, mtoto wa tatu wa Bwana na Bibi Oskar Tveit. Alisoma Havre, kisha akasomea ualimu Dillon, akahitimu mwaka 1968.

Mwaka huohuo aliomba kazi katika shule ya chumba kimoja ya Lone Coulee. Katibu wa bodi, mfugaji kijana aitwaye Verlin Haugen, alimuuliza, "Mwalimu, utatuvumilia mwaka mzima, au Krismasi tutakuta nyumba tupu?"

"Nimekuja na masufuria yangu yote," akamjibu.

Alifundisha pale miaka hamsini. Verlin alimwoa tarehe 12 Juni 1971. Mimi, Kari, ni mtoto wao wa pekee, na nilikuwa mwanafunzi wake miaka minane bila kupendelewa hata siku moja.

Mwaka wake wa kwanza alipanga mtihani wa mwisho siku ya kupiga ndama chapa. Hakutokea mtoto hata mmoja; wote walikuwa wakisaidia kushika ndama. Alibeba karatasi hadi zizini, akazikandamiza kwa mawe, na watoto wakajibu kwa zamu, kati ya ndama na ndama. Zilinuka manyoya yaliyoungua, akazisahihisha hivyohivyo.

Kila Aprili, ili kuwavutia walimu wapya shule za mashambani, alibandika chuoni Dillon orodha ya sababu za kuja kufundisha Montana: utamjua kila mtoto na farasi wake, nyumba ya mwalimu ina jiko zuri la kuni, siku ya chapa usibishane, funga shule.

Januari 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Bodi ikaamua: asipopatikana mwalimu kufikia tarehe 1 Juni, shule ifungwe. Aprili orodha ilibandikwa tena. Hakuna aliyepiga simu. Nilipokuja kumuuguza kutoka Seattle, ninakofundisha, alinipa nakala nimsomee kwa sauti.

"Mama, unanitega."

"Nakutega nini? Nimekwambia usome tu. Haya, rudia ile ya jiko."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 29 Mei, akiwa na miaka 72. Inauma, na sitajifanya haiumi. Tarehe 31 nilikwenda kwa bodi nikatia saini mkataba wa kufundisha.

Ameacha mume wake Verlin, dada yake Lorna, binti yake Kari, na wanafunzi wanane. Hao wanane wafike Jumatatu tarehe 26 Agosti, saa mbili asubuhi, na penseli zilizochongwa.

Pumzika kwa amani, Mama. Masufuria yangu yako njiani.