Samaki Yangu Haikuwa na Sumu

Bamama ya likelemba, ya hii kikundi yetu ya kuchanga feza, mukae vizuri, nibaambie hii mambo. Hata leo, mutu akikohoa nyuma ya kula samaki yangu, ninasimama.

Munanijua, ninauzisha samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, hapa Butembo. Siku moja wifi yangu, dada ya bwana yangu, alitoka Beni kutuona. Nilimupikia. Na kwetu, mwenye kupika anaonja mbele ya mugeni, ili ajue hakuna sumu. Ile siku mutoto alilia inje, nikatoka mbiyo, nikaacha kuonja. Kurudi, wifi amekwisha kula, ameshika kifua, jasho inamutoka, akaanguka. Jioni kartie muzima, majirani yote, ilikuwa inasema nilimutilia karuho, ile sumu ya mu chakula.

Ku hopitali docteur alisema ni moyo, damu haiingie vizuri. Balimupeleka Kampala. Kule bakapiga picha ya mishipa ya moyo: njia yote wazi. Mama ya bwana yangu akanipigia simu.

"Unaona? Moyo iko muzima. Donc ni samaki yako."

Bandugu, ninabaambia, niliumia. Bwana yangu alianza kula kwa mama yake. Ku soko, bateja balipita mbele ya meza yangu bakiangalia chini. Mu nyumba nilikuwa natembea tu, sawa mutu anatafuta funguo.

Mais docteur mumoja kule Kampala hakuridhika. Akamuambia wifi: "Ile picha inaonyesha namna damu inapita. Haionyeshe ukuta ya mushipa." Akaingiza kamera kadogo, nyembamba sawa uzi, mpaka ndani ya mushipa yenyewe. Hapo njo bakaona: ukuta ilipasuka kidogo, damu ikaganda pale, ikafunga njia, kisha njia ikafunguka tena mbele bapige picha.

Wifi mwenyewe alinipigia, analia. "Haikuwa weye. Ilikuwa mushipa yangu." Nilikaa chini mu soko, katikati ya samaki, na mimi nikalia.

Aksanti kwa ule docteur. Aksanti kwenu, bamama mulioendelea kununua kwangu na kula mbele ya batu. Moyo ikimuuma mutu, mumupeleke ku hopitali mbele ya kutafuta muchawi. Na bakisema hakuna kitu, muulize: baliangalia wapi?

Wifi yangu njo ule pale nyuma. Leo nilipika. Nilitwaa kijiko nionje mbele, akaninyang'anya, akakula wa kwanza. Nilimuangalia mpaka akamaliza. Hata sasa niko namuangalia.