Cherehani ya Kuliwa

Kijiwe chenyewe kiko nyuma ya soko la Singida mjini, ukutani mwa karakana ya baiskeli ya Ignas, na sharti la kukaa pale ni moja tu: uwe na maoni. Benchi ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali. Jumamosi hiyo, saa nane mchana, kahawa ya Zefania, muuza kahawa wa kijiwe, ilikuwa bado ya moto, na wote walikuwa wameipa barabara mgongo wakitazama meza ya kazi ya Ignas. Mahali panapokaa siku zote baiskeli iliyopinduliwa ilisimama keki, ikisubiri kuja kuchukuliwa. Selina, mke wa Ignas, alikuwa ameihangaikia siku mbili: kichwa cha cherehani, cheusi, chenye maua ya dhahabu ubavuni, kama ile ambayo Bi Malti ameshonea nguo za watu miaka arobaini katika fremu yake, chumba cha duka kilicho ng'ambo ya barabara. Jioni hiyo Bi Malti alikuwa anafanyiwa sherehe na familia yake, anapumzika kazi. Naye alikuwa amesema wazi kwamba keki ikimpendeza, fremu inakuwa ya Selina, aoke humo na kuachana na jiko la nyumbani lenye moshi. Selina alikuwa amekwenda saluni kusukwa. Alimwachia mumewe agizo fupi: usiiguse.

— Inainama, alisema Mzee Abraham.

Huyu wanamwita Vipimo. Zamani aliwashikia wapima ardhi ncha ya futi kamba, na tangu hapo hajaona kitu kilichonyooka.

— Nini inainama, mzee?

— Mkono. Nilipokaa ulikuwa sawa na ukingo wa bati lile. Sasa umeshuka upana wa kidole.

Ignas hakutaka kuangalia. Akaangalia. Mkono wa cherehani, ule unaotoka kwenye nguzo kwenda kwenye sindano, ulikuwa umelegea kweli.

— Ni joto hilo, alisema Laurenti, ambaye jina lake la kijiweni ni Redio. Arusha kuna bwana harusi aliokewa keki ya kitanda. Ikalegea hivihivi. Mashangazi wakaishikilia pembe nne mpaka padri akamaliza sala.

— Ulikuwepo?

— Shemeji yangu alikuwepo.

— Shemeji yupi?

— Huyo aliyekuwepo.

— Mpigie mkeo, alishauri Zefania akijaza vikombe.

— Amesukwa nusu kichwa, alijibu Ignas. Nikimpigia atakuja hivyohivyo, mbio.

— Na akija atafanya nini? Vipimo alivuta kikombe chake. Sikilizeni. Keki na zege ni ndugu. Unga, maji, unamimina kwenye fremu ya mbao, unasubiri likauke. Sasa nani amewahi kuona linta ya mlango imesimama bila nondo?

— Nondo ndani ya keki, mzee?

— Nondo nyembamba.

Macho ya kijiwe kizima yalipanda ukutani, kwenye pakiti ya spoki mpya.

Ignas alikuwa amenyoosha magurudumu ya watu miaka kumi na sita. Lakini tangu mkewe aanze kuoka, kazi yake ilikuwa kubeba unga kutoka dukani na kusema tamu sana. Leo, kwa mara ya kwanza, keki ilikuwa imepatwa na ugonjwa anaoufahamu. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

— Spoki zioshwe kwa maji ya moto, alisema Redio. Hospitali ndivyo wanavyofanya.

Zefania akazimwagia kahawa. Ignas akazipitisha tatu, taratibu, kutoka kwenye nguzo mpaka mwisho wa mkono. Mkono ukapanda. Ukatulia.

— Mwanaume! alipiga kelele Redio. Fundi ni fundi bwana!

— Sasa uko sawa na bati, alikubali Vipimo. Lakini gurudumu.

— Gurudumu lina nini tena?

— Halizunguki. Bi Malti ni fundi cherehani. Ukimwekea mbele yake, mkono wake utakwenda wapi kwanza? Kwenye gurudumu. Akute limeganda?

— Atasema cherehani mbovu, alidakia Redio. Atampa fremu mtu wa cherehani mbovu?

Hoja hiyo ilimwingia Ignas. Akachukua kikombe cha gololi za baiskeli. Zilikuwa na grisi, akaziosha kwa mafuta ya taa. Zikanuka, Zefania akazimwagia kahawa mara mbili. Gurudumu la keki likavalishwa gololi kumi, likazunguka bila kelele.

— Na njiani je? aliuliza Zefania, ambaye naye sasa alikuwa amenogewa. Bajaji za hapa mnazijua.

— Bolti mbili, alisema Vipimo. Zitokee chini ya ubao uliobeba keki, zipande ndani, zikazwe.

Zikakazwa. Matundu yakazibwa kwa sukari nyeusi ya kupambia iliyobaki kwenye bakuli aliloliacha Selina. Ignas akarudi nyuma hatua tatu. Hakuwahi kuona kazi imesimama vile.

— Hiyo, alisema Redio, kesho Bi Malti anaendelea kushonea.

— Kwa miaka ishirini, alimalizia Vipimo.

Bajaji ilisimama, akashuka Vidhi, mjukuu wa Bi Malti, aliyetumwa kuichukua keki.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

Vidhi aliiona, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akagusa gurudumu. Lilipozunguka alicheka kwa sauti, akatoa simu na kupiga picha.

— Jamani! Bibi atalia leo.

Kifua cha Ignas kilijaa. Aliiona fremu ng'ambo, akaona kama jina la Selina limeshaandikwa juu ya mlango.

— Haitaanguka njiani, fundi?

— Hata ukiidondosha, alijibu Vipimo.

Vidhi aliizunguka meza, akaizunguka tena, safari hii akiwa ameinama.

— Sasa kipande cha Bibi tutakikata wapi?

Ignas aliangalia mkono: spoki. Akaangalia gurudumu: gololi. Akashuka mpaka chini: bolti. Akamgeukia Vipimo, Vipimo akawa anaangalia bati. Redio alisogeza kikombe chake aongezewe, Zefania akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

Ng'ambo ya barabara mlango wa saluni ulifunguliwa. Selina alitoka, nywele zimesukwa zikapendeza, akawapungia mkono kwa furaha. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika kisu kipya, mpini wake umefungwa utepe mweupe.