Kituo cha Umeme Kilichodaiwa Tangi la Petroli

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mama Anastazia, Mwenyekiti wa Kamati ya Nishati Safi. Viongozi mliofuatana naye. Wazee wetu, shikamooni. Nawe Bwana Tadeo, mkaguzi wa vibali, ambaye tumekuweka kiti cha mbele usije ukasema hukusikia:

Makaribisho

Karibu Kigombe. Uliahidi kuja Machi, umekuja Agosti. Hatulalamiki. Kwa mtu aliyewahi kusubiri kibali, huko ni kuwahi.

Tulikotoka

Tuko wanachama sita, wenye vituo vya kuchajia bajaji, pikipiki na magari ya umeme kati ya Tanga mjini na Pangani. Tulishawishiwa na kipeperushi kilichosema mwekezaji wa nishati safi atapunguziwa kodi. Kipeperushi kizuri, kina picha ya jua linalocheka. Nyuma yake, kwa herufi za sisimizi, kimeandika kwamba punguzo ni la mwenye mtaji wa bilioni moja kwenda juu. Mheshimiwa, mwenye bilioni moja akionekana Kigombe tutamwoza kwanza, habari za kodi baadaye.

Mwenzetu Bi Muzna Humaid aliuza shamba la minazi aliloachiwa na babake, akaagiza mashine ya milioni kumi na nane. Bandarini ikawekwa kundi moja na pasi na birika za umeme, ikatozwa ushuru kamili. Nguzo tatu za kuleta umeme alizilipia yeye, kisha akaelezwa kwamba nguzo si zake. Akatundika bango lenye picha ya plagi. Nalo likalipiwa tozo.

Tuliyofanikiwa

Pamoja na hayo kituo chake hapa Kigombe, ndicho pekee kati ya vyetu sita kilichokwisha kuwashwa, kilifanya kazi miezi minne. Ernesti, dereva wa bajaji ya umeme, alikuwa akitoka Tanga, anachaji hapa huku anakula mkate wa kumimina, anafika Pangani na kurudi siku hiyo hiyo. Kina mama wa samaki waliwahi soko la mjini barafu haijayeyuka, na nauli ilishuka.

Yaliyotufika

Hapa tunakiri kosa letu. Fomu ya kibali ilikuwa na viboksi viwili tu: kibanda cha kuchajia simu, au kituo cha mafuta. Tukakaa kikao kizima. Watu wa pwani bwana, tukaona kujiita kibanda cha simu ni kujidhalilisha mbele ya wakwe. Tukatia tiki kwenye mafuta.

Tangu hapo tunadaiwa mambo ya mafuta. Tuliambiwa tuweke ndoo nane za mchanga, tukaweka. Kuku wa Bi Muzna wanataga humo. Kisha akaja Bwana Tadeo, mtu mpole kabisa, akauliza tangi la chini ya ardhi liko wapi.

"Umeme hauna tangi, mwanangu," akajibu Bi Muzna.

"Basi andikeni hivyo kwenye fomu, mama."

"Pa kuandikia hapapo."

Bwana Tadeo akaigeuza fomu mbele na nyuma, akakubali kweli hapapo, akafunga mashine kwa waya na lakiri, ule muhuri wa serikali.

Leo ni siku ya ishirini na nne. Kituo kikifungwa siku thelathini kibali kinakufa, na mwenyewe aanze upya, ada zote upya. Ernesti ameshasukuma bajaji kutoka Tongoni mara mbili, abiria wakimshauri anunue punda. Nasi tulipomuuliza Bi Muzna kama ataweza kuanza tena, alisema: "Minazi nimeshauza, wanangu. Sasa niuze kivuli chake?"

Tunayoomba

Tunaomba fomu iongezwe kiboksi cha tatu. Kuchora mraba hakuhitaji mfadhili. Tunaomba mashine za kuchajia zitolewe kwenye kundi la birika, na punguzo la kodi limfikie pia mwenye milioni zake chache, maana ndiye anayelihitaji.

La mwisho ni lakiri. Kanuni zinasema kamati yako peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kuifungua. Tuliandika barua tatu, na tukajibiwa kwamba zimepokelewa.

Mistari inayofuata tumeiongeza kwa kalamu asubuhi hii. Dereva wako, Bwana Edgar, amemwendea Bi Muzna jikoni akamnong'oneza kwamba gari lako jipya la umeme limebakiwa na chaji isiyotosha kufika Pangani, wala kurudi Tanga. Akaomba achaji. Tumemwonyesha lakiri.

Mgeni rasmi huandaliwa utepe. Sisi utepe hatukununua. Kwenye sinia lile kuna mkasi, na waya ni huo hapo, Mheshimiwa. Ukiukata, utafika Pangani kabla ya alasiri. Ukiona ni vigumu, usiwe na wasiwasi: wali wa nazi upo, na Bi Muzna ameshakutandikia kitanda cha wageni.

Mola akuzidishie afya, na akufikishe uendako kwa chaji ya Kigombe.

Ni sisi,
Umoja wa Wenye Vituo vya Kuchajia, Tanga hadi Pangani.
Msomaji: Yona, katibu.