Nyati Miguu Juu

Benchi letu liko pembeni mwa stendi ya Karatu, mbele ya duka la vipuri lililofungwa, pale magari ya watalii yanapopunguza mwendo kabla ya kushika barabara ya geti la Ngorongoro. Kwenye ncha moja Hyasinta wa kijiji cha Qurus huweka jiko lake la mkaa, birika juu, na kopo la chenji chini ya kigoda. Bila kahawa yake sisi si kijiwe, ni wanaume tu wasio na kazi asubuhi. Mimi nashona viatu. Inosenti, tunayemwita Landrova, anaendesha watalii msimu ukichangamka, na sasa umelala. Lazaro aliwahi kuwa mgambo na mpaka leo anahoji kila mtu, kwa hiyo ni Kamishna. Siku hiyo Vedasto, yaani Mpishi, anayewapikia wageni kambini Ngorongoro, alifika na simu mkononi na sura ya mtu anayejua jambo. Sura hiyo huwa inaniudhi.

Mpishi: Kuna video nimeiona jana. Sarafu ikikosewa kiwandani, wazungu wanainunua bei ya ng'ombe.

Landrova: Ng'ombe yupi? Wa maziwa, au hawa wa Baray waliokonda kwa kiangazi?

Mpishi: We tania tu. Upande mmoja ukisimama, ukigeuza, na wa pili unatakiwa usimame. Ukipinduka, hilo ni kosa la mtambo. Sasa cheki jero hii.

Aliishika sarafu ya mia tano kwa vidole viwili, upande wa kichwa ukimtazama, kichwa wima kabisa. Kisha akaipindua kutoka chini kwenda juu, vilevile anavyopindua chapati. Nyati akatokea miguu juu.

Niliona kwa macho yangu, siwezi kukataa.

Kamishna: Umeitoa wapi?

Mpishi: Chenji. Jana, hapahapa.

Kamishna: Landrova, toa ya kwako.

Landrova akatoa, Mpishi akapindua. Miguu juu. Nami nikatoa yangu. Miguu juu.

Landrova: Basi tumetoka kimaisha.

Kamishna: Tumetoka nini? Kosa la mtambo linaingia kwenye moja, sana sana mbili. Hizi zote?

Landrova: Labda fundi alisinzia.

Kamishna: Zamu nzima? Hapo kuna mchezo.

Landrova: Ee, sasa ngoja. Kuna mgeni nilimshusha kreta mwaka jana. Simba wako mbele yake, hapigi picha. Tukirudi mjini, kila duka anaomba chenji tu. Nikajiuliza, mtu kapanda ndege kutoka Ulaya kufuata jero?

Kamishna: Anakusanya. Nyati akiwa miguu juu si amekufa? Kila nyati wetu anayeuzwa kimyakimya, wanatengeneza jero moja. Ni risiti hizo.

Mpishi: Na tembo?

Kamishna: Tembo yuko kwenye elfu kumi. Hao wanauzwa kwa jumla.

Hyasinta: Kunyweni, baba zangu, kahawa inapoa.

Kamishna akamgeukia taratibu, na mimi nikajua asubuhi imeharibika.

Kamishna: Mama, hizi zote zimetoka kwenye kopo lako.

Hyasinta: Chenji ya stendi nzima inatoka kwenye kopo langu.

Kamishna: Mkwe wako wa Arusha anafanya kazi gani vile?

Hyasinta: Anachomelea mageti. Unajua.

Kamishna: Mtu anayeweka simba kwenye geti, atashindwa nyati wa jero?

Tulicheka. Lakini Clemensi wa bodaboda alikuwa amesimama hapo akingoja chenji, mkono umenyooshwa. Akaurudisha mfukoni.

Clemensi: Usijali, mama, kaa nayo tu. Mimi naomba hizo jero zako zisiniguse.

Akawasha pikipiki akaondoka, na kicheko kikakatika. Bodaboda ndio wateja wa Hyasinta, na neno likishapanda pikipiki hapa stendi, kabla ya mchana liko mpaka mitaa ya Ganako. Kwa birika hilo anamsomesha mjukuu.

Hyasinta: Lazaro, mama yako alipolazwa, uji wake nani alikuwa anapeleka?

Kamishna: Sijasema umefanya. Nimeuliza tu.

Mpishi: Fungua kopo tuangalie, yaishe.

Hyasinta akalifungua mwenyewe, akalimimina juu ya benchi. Mpishi akapindua moja, akapindua nyingine, akaendelea. Nyati wote miguu juu.

Landrova: Aisee, mama. Kwani mkwe anakukatia asilimia ngapi?

Safari hii hakuna aliyecheka. Hyasinta alizoa sarafu zake, akamwaga maji kwenye mkaa, akalifunga birika kwenye kanga na kahawa yake ndani, akaita bajaji. Hakututukana. Angetutukana ningepata nafuu.

Bajaji ilipopotea, akaja mwanamume wa Kimaasai mwenye shuka la bluu, hatujawahi kumwona. Alisema anaitwa Senteu, ametoka juu huko Ngorongoro kuuza mbuzi mnadani, na ameelekezwa kwamba hapa kuna kahawa nzuri.

Kamishna: Karibu, mzee. Kwanza, una jero?

Senteu: Ninazo. Nimekuja nazo kutoka nyumbani.

Mpishi akaichukua moja, akapindua. Miguu juu.

Kamishna: Mnaona? Mtandao wao umefika mpaka kreta.

Senteu alinyoosha mkono akachukua mali yake. Aliitazama upande wa kichwa, kisha akaigeuza ubavuni, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayefungua ukurasa. Nyati akasimama kwa miguu yake minne.

Senteu: Mbona wangu amesimama?

Landrova akaigeuza yake hivyohivyo. Amesimama. Yangu, amesimama. Mpishi aliigeuza yake mara kadhaa, ubavuni, halafu kichapati, halafu ubavuni tena, masikio yakimwiva.

Landrova: Mpishi, kumbe ulikuwa unatupikia.

Senteu: Na huyo mama wa kahawa yuko wapi?

Ilibidi nimweleze mimi, wenzangu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Nilimweleza habari ya video, ya mkwe, ya kopo.

Senteu: Basi mfuateni mkamwombe radhi.

Kamishna: Tutamfuata. Leo hii hii.

Senteu: Anakaa wapi?

Kamishna: Qurus.

Senteu: Qurus ni kubwa. Nyumba gani?

Kamishna alimtazama Mpishi, Mpishi akamtazama Landrova, na Landrova akanitazama mimi.