Mafuta ya Nazi, Kostiki na Jicho Langu la Kulia

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Nawasalimu nikiwa nawaona, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya mimi kusimama hapa mbele. Kwa wageni, mimi ni Mama Neema, mhudumu wa maabara pale sekondari, kwetu Nyangamara. Jicho langu la kushoto liliharibiwa na surua nikiwa mtoto. Linaona mwanga na vivuli, basi. Kazi yote ya kuona inafanywa na hili la kulia, na ushuhuda wangu ni wa hili la kulia, jinsi ilivyobaki kidogo tu lizimike.

Mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa maswali. Marehemu mama alikuwa akisema siku nikifika mbinguni nitawachosha malaika kwa kuwauliza mabawa yameshikiliwa na nini. Basi nilipopata kazi ya maabara nilijiona nimefika nyumbani! Kila chupa ina tabia yake. Ila iliyoniteka ni sodiamu haidroksaidi, hii ambayo kina mama wapika sabuni mnaiita kostiki. Punje nyeupe, safi, kama tembe za hospitali. Ukiziacha kwenye kisahani zinatoka jasho! Mvua hainyeshi, hakuna aliyemwaga kitu, na punje zinalowa zenyewe mpaka zinageuka maji mazito. Nilikuwa nasimama kuzitazama mpaka chai yangu inapoa.

Mwalimu Somoe, mwalimu wetu wa kemia, binti wa Kinjumbi, alinieleza kwamba zinavuta unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani wakati wa masika inalowesha hata chumvi iliyo ndani ya kopo. Akaniambia inaunguza vibaya sana, kwa hiyo nivae glavu na miwani ya maabara, na nikaze kifuniko mara tu nikimaliza kuchota. Nikaitikia. Lakini hilo la kuunguza nililielewa kwa namna yangu.

Ndugu zangu, sisi wa huku tumelelewa kwenye korosho. Nani humu hajabangua? Mnajua utomvu wa ganda lake unavyobabua vidole. Bibi yangu alikuwa hatuachi tuguse korosho kabla hajatupaka mafuta ya nazi viganjani, mpaka kwenye kucha, na tulibangua kutwa bila lengelenge. Basi mimi nikajua kitu kinachounguza dawa yake ni mafuta! Glavu zilikuwa zimechanika, mpya hazijaletwa. Sikuona shida yoyote. Nikaja kazini na kichupa changu cha mafuta ya nazi, nikajipaka vizuri kama bibi alivyonifundisha, nikaanza kuandaa vifaa vya mazoezi ya vitendo ya kidato cha nne.

Nikashika punje. Mikono ikateleza vizuri, laini kabisa, nikafurahi. Nikawaza, bibi angekuwepo ajionee mafuta yake yanavyofanya kazi hadi maabara!

Sasa chupa yenyewe ilikuwa imekaa na kifuniko kilicholegea, na masika yalikuwa yamekolea. Juu punje zilikuwa nzima, chini zimelowa na kushikana bonge moja gumu kama ukoko. Nikagonga kwa kijiko, halikuachia. Nyumbani sufuria ikishika ukoko tunafanyaje? Tunatia maji. Miwani ilikuwa imepata ukungu kwa joto, nikaisukuma juu ya paji la uso ili nione vizuri. Nikatia maji, nikainama kuchungulia.

Ikachemka! Bila moto, ndugu zangu, bila jiko, ikachemka na kunirukia usoni. Tone likaingia jicho la kulia. Siwezi kuwaeleza maumivu yale. Nilifumba jicho na dunia yote ikazimika, maana lile la kushoto mnalijua. Nikaona ndiyo basi, nitashikwa mkono mpaka kaburini, na uso wa mwanangu Neema nimeuona kwa mara ya mwisho asubuhi ile akiwa amenuna kwa sababu ya uji. Nililia, "Yesu! Yesu, usinifanye kipofu!"

Mwalimu Somoe akaja mbio. Nami, hata katika hali ile, kichwa changu hakikuacha ujuaji. Nimewasikia wanafunzi wakikariri kwamba asidi, kama ya ndimu, inaimaliza nguvu alkali, kama kostiki. Nikapiga kelele, "Ndimu! Nileteeni ndimu mnikamulie!"

"Ndimu kwenye jicho? Una wazimu, Mama Neema? Maji!" Akafungua bomba la maabara. Bomba likakoroma, halikutoa kitu. Ndoo ya akiba ilikuwa na maji ya chini tu, akanimwagia yote yakaisha. Hapo akanishika kiuno, akanivuta nje, tukakimbia. Nilikuwa sijui tunaenda wapi mpaka nikasikia kandambili zikiburutwa kwenye sakafu na wanaume wakinong'ona.

Alikuwa amenipeleka msikitini, jirani na uzio wa shule, kwenye mabomba ya kutawadhia. Ilikuwa inakaribia adhuhuri na watu walikuwa wanatawadha. Mimi, mwanamke wa kanisa hili, na msalaba wangu shingoni! Mzee Mfaume, anayeutunza msikiti ule, hakuuliza dini wala kabila. Alisema, "Pisheni bomba hilo! Mlazeni hapa, kichwa pembeni." Akashika kopo, Mwalimu Somoe akanipanua kope kwa vidole, na maji yakaanza kumiminika. Yakamiminika, ndugu zangu! Kuna mmoja alikuja na maziwa, Mwalimu akamrudisha nayo.

Maji yanauma, nataka kufumba, hawaniachi. Nikamuuliza Mwalimu, "Kwa nini ilichemka bila moto?"

"Fumbua jicho, mwanamke! Maswali baadaye!"

Adhana ikatolewa. Nikasikia nyayo zikiingia ndani, na swala ikaanza. Kopo halikusimama. Mzee Mfaume aliiacha jamaa ikaswali bila yeye, akabaki amechuchumaa kwenye sakafu ya maji akinimwagia. Hapo ndipo nilipolia upya, na safari hii si kwa maumivu. Nilikuwa nimemwomba Mungu muujiza, nikingoja labda mwanga, labda sauti. Muujiza wenyewe ulikuwa ukinichuruzika shingoni, maji ya kawaida ya tangi, na mzee ambaye hata shikamoo sikumpa.

Hata kwenye bajaji ya kwenda hospitali Mwalimu Somoe alibeba dumu akaendelea kunimwagia, dereva akilalamikia kiti chake njia nzima. Hospitali wakaosha tena, wakaniwekea dawa, wakanifunga bandeji. Daktari akasema kostiki haitulii juu ya jicho, inazama ndani, na waliolimwagia maji mapema bila kuacha ndio waliolinusuru. Nikaketi gizani nikisubiri. Bandeji ilipotoka, ulikuwa ukungu kwanza, halafu nikamwona Neema amesimama mlangoni. Amenuna tena! Sijawahi kufurahia uso wa kununa kama siku ile.

Nilipopona nikadai majibu yangu. Mwalimu Somoe akaniambia kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali, ndiyo maana punje ndizo zinazotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga, na si maji kumwagwa juu ya punje. Nikauliza, na mafuta ya bibi? Akacheka mpaka akashika meza. "Mama Neema, kostiki na mafuta ni sabuni! Ule utelezi uliofurahia ni sabuni uliyokuwa unaipika viganjani, na mafuta ya ngozi yako mwenyewe yakiwemo." Nikaitazama mikono yangu. Kweli ilikuwa imebambuka ncha zote za vidole.

Kina mama mnaopika sabuni, nawasihi kwa jina la Bwana! Mafuta ni ya korosho. Kwa kostiki ni glavu nzima na miwani machoni, siyo kwenye paji la uso. Kijiko kiwe kikavu. Kifuniko kikazwe. Na kabla hamjafungua chupa, hakikisheni maji mengi yapo karibu, maana mimi nililikumbuka bomba nikiwa tayari naungua.

Nilirudi kwa Mzee Mfaume na shikamoo yangu niliyochelewesha. Akasema, "Marahaba. Siku nyingine njoo kwa salamu tu." Namwombea kila siku.

Nawe uliyekaa hapo na giza lako, unayengoja Mungu aje kwa kishindo, mtumaini, ukubali na msaada anaokutumia, hata ukitokea mlango usioutarajia. Sasa msiseme Mama Neema anatia chumvi. Nalifunika hili la kushoto kwa kiganja, mnaona? Kwa hili la kulia, lililoungua, namwona Mama Asteria kule nyuma kabisa, kitenge cha njano, kichwa kimeinamia dirisha, amesinzia. Mama Asteria, amka, tumshukuru Mungu!